Kriketi Ikifupishwa, Anayekatwa ni Nani?

Kila baada ya miaka kadhaa kuna mtu Uingereza anayegundua upya kwamba kriketi ni ndefu. Anashtuka, anaitisha mkutano, na mchezo unakatwa tena. Mwaka 1963 walianzisha shindano la ova 65 kwa kila timu. Mwaka 2003 zikawa 20. Mwaka 2021 wakaona hata kuhesabu ova kunachosha watu, wakazindua The Hundred: mipira 100 kila upande, basi, rudini nyumbani mapema. Na kama hizo 100 bado ni nyingi kwako, kuna ligi ya ova 10 iliyoanzia Sharjah Desemba 2017.

Kazi yangu hapa kwa kawaida ni vitabu. Lakini mtindo mpya wa mchezo ni kitu kilichotungwa. Kuna mtu alikaa mezani akaamua nini kibaki na nini kifutwe, kwa hivyo una haki ya kuhakikiwa kama tamthilia yoyote. Na tamthilia hii ina mhusika mmoja ambaye kila toleo jipya linampunguzia maneno. Sijaona akiombewa radhi.

Kwanza, kwa wasee ambao kriketi kwao ni ule ukuta wa Gymkhana mnaoupita mkiwa kwa matatu. Timu moja inapiga, nyingine inarusha. Mpigaji anatafuta mikimbio, mrushaji anatafuta kumwondoa. Kumwondoa ndiyo kuchukua wiketi, na zikienda wiketi 10 zamu ya timu imekwisha. Mipira sita ya mrushaji mmoja ni ova. Hiyo tu. Mengine utayashika tukienda.

Sasa, sitaki mtu adhani mimi ni wa wale wanaolilia zamani. Machi 1939, kwenye uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Afrika Kusini na Uingereza walikubaliana kucheza bila kikomo cha muda mpaka mshindi apatikane. Walianza tarehe 3. Tarehe 14 bado walikuwa uwanjani. Uingereza walihitaji mikimbio 696, walikuwa wamefikisha 654 na wiketi tano mkononi, mvua ikanyesha, na meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inangoja Cape Town. Wakafunga virago. Hakuna aliyeshinda. Ukikutana na mtu anayesema kriketi haikuhitaji mkasi, mpe hiyo.

Wala sina shida na kuchezea vipimo. The Hundred ilipotoka na seti zake za mipira mitano, kuna wazee waliolia ati ova imenajisiwa. Ova yenyewe haijawahi kutulia, bana. Kwa Waingereza ilikuwa mipira minne hadi 1889, ikawa mitano hadi 1900, ndipo ikawa sita. Waaustralia walikuwa wakirusha minane hadi msimu wa 1978–79. Ni kama mizani za shairi. Anayeniambia kwamba mizani 16 kwa mshororo ndiyo ushairi wenyewe namkumbusha kwamba utenzi unaenda kwa nane na haujawahi kuomba ruhusa, halafu namwachia Kezilahabi na *Kichomi* yake ya 1974 wamalizane huko.

Kwa hivyo swali langu haliko kwenye urefu. Liko kwenye uhaba. Kila mtindo wa kriketi huchagua kitu kimoja kikiwe adimu, na kitu hicho ndicho kinachotengeneza hadithi. Katika mechi za siku tano, kilicho adimu ni wiketi. Una 10, muda ni mwingi, ukipoteza moja kizembe utajuta hadi keshokutwa. Mpigaji anaweza kuuacha mpira upite na uwanja mzima ukamwelewa. Katika mechi fupi, kilicho adimu ni mpira wenyewe. Wiketi bado ni 10 lakini mipira ni 120, kwa hivyo mpira unaopita bure ni hasara na wiketi ni kitu cha kuchezea kamari. Wachezaji ni walewale na gongo ni lilelile, ila tabia imegeuka. Mrushaji aliyekuwa mwindaji amekuwa mlinzi wa geti.

Wabunifu wengine walilijua hilo. Aliyenifurahisha kuliko wote ni Martin Crowe wa New Zealand, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa mechi ndefu hasa. Mwaka 1991 alifika mikimbio 299 dhidi ya Sri Lanka, akaondolewa akibakisha mmoja kufika 300. Mwaka 1996 akaja na Cricket Max. Kila timu ilipiga mara mbili, ova 10 kila mara, na kule mbele ya mpigaji, nyuma ya mrushaji, kulichorwa eneo ambalo ukipiga mpira ukafika humo mikimbio yake inahesabiwa mara mbili. Haikudumu. Lakini tazama alikopitisha kisu. Kwa kubakiza zamu mbili alibakiza kitu ambacho ndicho roho ya mechi ndefu: umeharibu asubuhi, unarudi jioni kurekebisha. Na lile eneo la mara mbili aliliweka kule ambako pigo la gongo lililonyooka, pigo la kusomea, ndiko huelekea. Alikata kama mshonaji, kitambaa akikijua.

Stuart Robertson hakuwa mshonaji. Alikuwa mtu wa masoko kwenye bodi ya kriketi ya Uingereza. Shindano lao lililodhaminiwa na kampuni ya sigara lilikuwa limefikia tamati mwaka 2002 baada ya matangazo ya tumbaku kubanwa, na viti vilikuwa vinabaki vitupu. Akapendekeza mechi ya saa tatu hivi, jioni, watu wakitoka kazini. Wenyeviti wa klabu za kaunti wakapiga kura, 11 wakakubali, 7 wakakataa. Tarehe 13 Juni 2003 T20 ikaanza, na leo ndiyo itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Siri yake ilikuwa unyenyekevu: aliacha karibu kila kitu kama kilivyokuwa, ova ileile, klabu zilezile, akabadilisha saa.

Mabano kidogo. Nairobi tulishaona kasi hiyo kabla haijapewa jina. Tarehe 4 Oktoba 1996, hapo hapo Gymkhana, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi, umri wake ukitajwa kuwa miaka 16, aliwapiga Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37. Sita alizipiga 11. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 17, hadi siku ya kwanza ya 2014. Ninachokipenda ni kwamba ilikuwa mechi ya ova 50. Hakuna aliyemharakisha. Kasi ilikuwa uamuzi wake, na ndiyo maana bado inasimuliwa. Siku hizi sita 11 ni Jumamosi ya kawaida.

Tuje kwa The Hundred. Ilitangazwa Aprili 2018, na mpango wa kwanza ulikuwa kichekesho: ova 15 za kawaida, halafu ova moja ya mwisho ya mipira 10. Baadaye wakaisafisha. Walianzisha timu nane mpya kabisa juu ya klabu 18 za kaunti zilizokuwepo, kila moja na jina lake la kibiashara na jezi za rangi za kumeremeta. Neno ova likawekwa kando. Ukiondoa rangi zote hizo, unabaki na nini? T20 iliyopunguzwa mipira 20 kila upande. Mipira 40 kwa mechi nzima, ndiyo hiyo. Ni kama mchapishaji akuuzie riwaya mpya, ufungue ukute ni ile ya zamani bila sura ya mwisho.

Kosa lake la kwanza ni la mwandishi yeyote anayemwandikia msomaji asiyemheshimu. Andrew Strauss, nahodha wa zamani wa Uingereza, alieleza mwaka huohuo kwamba wanalenga watu wasio mashabiki wa jadi, kina mama na watoto wakiwa likizo, na kwamba mchezo unatakiwa uwe rahisi iwezekanavyo kueleweka. Kumbe kina mama hawawezi kuhesabu hadi sita.

Halafu ikafika usiku wa kufungua, 21 Julai 2021, uwanja wa The Oval, London, na waliofungua pazia walikuwa wanawake: Oval Invincibles dhidi ya Manchester Originals. Watazamaji 7,395. Wenyeji wakashinda. Msimu mzima ukaenda hivyo, mechi ya wanawake na ya wanaume siku moja, uwanja mmoja, tiketi moja. Hicho ndicho kitu kipya cha kweli ambacho The Hundred imeupa ulimwengu, na hakikuwa kwenye mchoro wa kwanza. Mpango wa awali ulikuwa na mechi nyingi za wanawake zikichezwa kwingine, viwanja vidogo. Ni masharti ya korona yaliyowalazimisha kuwaweka pamoja. Wabunifu wanalipwa kwa mipira 100, na kilichoshika ni ratiba ya dharura. Mwaka 2025 hisa za timu hizo zikauzwa kwa wawekezaji, wakiwemo wamiliki wa timu za ligi ya India. Hapo mhakiki ananyamaza, mhasibu anaendelea.

Lakini ndani ya The Hundred kuna sheria moja ndogo ambayo karibu hakuna anayeisifu, na mimi nitaisifu. Kwenye kriketi ya kawaida mrushaji akimaliza mipira sita lazima ampishe mwenzake. Kwenye The Hundred, nahodha anaweza kumwambia aendelee, arushe 10 mfululizo. Kwa mara moja, mtindo mfupi umempa mrushaji kitu badala ya kumnyang'anya.

Maana mhusika niliyemtaja mwanzoni ni yeye. Fuata namba. Kwenye mechi ya ova 50, mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi mipira 60. Kwenye T20, mipira 24. The Hundred, 20. Ile ya ova 10, ni 12. Sasa niambie kikomo cha mpigaji. Hakuna. Mpigaji akisimama imara anaweza kucheza mwanzo hadi mwisho. Aprili 2013, Bengaluru, Chris Gayle alipiga mikimbio 175 bila kuondolewa. Alicheza mipira 66, zaidi ya nusu ya mipira yote ya timu yake, na watu wakasimama kumpigia makofi, sawa kabisa. Juni 2024, kwenye Kombe la Dunia la T20, Lockie Ferguson wa New Zealand alirusha mipira 24 dhidi ya Papua New Guinea, akachukua wiketi tatu, asitoe hata mkimbio mmoja. Sifuri. Kisha sheria ikamwambia: asante, kazi yako imekwisha, kaa kando.

Fikiria shairi la tarbia ambalo ukwapi umeachiwa mizani zozote utakazo na utao umebanwa kwenye mbili. Unaweza kuliita fupi. Mimi nitaliita limependelea. Na kikomo ni mwanzo tu, kwa sababu juu yake kuna masharti ya mwanzo wa mechi, ova sita za kwanza za T20 au mipira 25 ya The Hundred, ambapo ni walinzi wawili tu wanaoruhusiwa kusimama mbali. Mrushaji akikosea kwa kuvuka mstari, mpira unaofuata mpigaji anapiga bila hofu ya kuondolewa kwa njia nyingi za kawaida. Kila mkasi umekatia upande mmoja.

Hili linatuhusu vipi huku kwetu? Turudi Durban, Kingsmead ileile, 15 Machi 2003. Kenya dhidi ya Australia, Kombe la Dunia. Tulikuwa tumefika hatua hiyo kwa kuwapiga Sri Lanka Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na ndiyo, New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama tukapewa pointi, sitaficha. Siku hiyo Durban tulipiga 174 tu. Australia, mabingwa wa dunia, walikuwa 109 kwa wiketi mbili, mechi ilikuwa imeoza. Akaletwa Aasif Karim. Mtu wa Mombasa, miaka 39, alikuwa ameshastaafu akaombwa kurudi, na kazi yake ilikuwa bima. Alirusha polepole, mpira wa kuzungusha. Alimwondoa Ricky Ponting. Akamwondoa Darren Lehmann. Akamwondoa Brad Hogg, akimdaka mwenyewe. Australia wakawa 117 kwa tano. Alipomaliza alikuwa amerusha mipira 50 na kutoa mikimbio 7. Tulishindwa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi akachukua yeye.

Mipira 50. Siku 90 baadaye T20 ilizaliwa, na ndani yake Karim angesimamishwa kwenye mpira wa 24.

Septemba 2007 tulienda kwenye Kombe la Dunia la kwanza la T20. Durban tena, Kingsmead tena: New Zealand wakatumaliza kwa 73. Siku mbili baadaye, Johannesburg, Sri Lanka wakapiga 260, sisi 88. Sanath Jayasuriya peke yake alikuwa na 88. Hatujarudi kwenye kombe hilo tangu hapo. Siwezi kusema ni mtindo uliotumaliza. Kriketi yetu ilikuwa na magonjwa mengine, ya bodi na pesa, ambayo yanahitaji makala yake na pengine wakili wake. Ninachosema ni chembamba zaidi. Timu ndogo kwa kawaida huwa na mtu mmoja au wawili wa kiwango cha dunia. Sheria inayosema mtu huyo arushe moja ya tano tu ya mipira yote, halafu wenzake wanne wamalizie, ni sheria inayoipendelea timu yenye watano wazuri. Tajiri anagawiwa pumzi, maskini anagawiwa mapengo.

Kuna mtu atanirushia Uganda. Arushe tu. Tangu Januari 2019 kila timu ya taifa ya wanaume iliyo mwanachama wa shirikisho la kimataifa inacheza T20 inayotambuliwa rasmi, na bila mlango huo Uganda wasingekuwa Guyana tarehe 5 Juni 2024 wakishinda mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia. Aliyewapa ni Frank Nsubuga, miaka 43, mzungushaji wa polepole kama Karim: ova nne, mikimbio minne, wiketi mbili. Na Januari 2023 wasichana wa Rwanda walio chini ya miaka 19 waliwapiga Zimbabwe na West Indies kwenye kombe lao la mechi fupi. Hakuna mechi ya siku tano ambayo ingewakaribisha. Hilo nalikubali lote, na linanifanya nisitake mtindo mfupi ufe. Lakini tazama Nsubuga vizuri. Mipira 24, mikimbio 4, na timu ya Papua New Guinea ikaisha kwa 77. Siku chache baadaye West Indies wakaiondoa Uganda kwa 39, wapigaji wao wakisimama muda wote walioutaka kabla ya hapo. Mlango umefunguliwa kweli. Ndani, kiti cha mgeni kina miguu mitatu.

Kwa hivyo nikiambiwa nibuni mtindo wangu (hakuna atakayeniambia, lakini mhakiki naye ana ndoto), nitachukua hiyo mipira 100, niache mechi za wanawake na wanaume siku moja, nirudishe neno ova ili watoto walichoke wenyewe, kisha nifute mstari mmoja: kikomo cha mrushaji. Mrushaji mmoja arushe kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka nahodha amchoke au mkono wake ukatae.

Najua jibu la wenye mchezo. Kikomo kiliwekwa ili nahodha asiwatumie warushaji wawili bora peke yao, awatawanye walinzi mpakani, watu wasinzie. Kwenye ova 65 za mwaka 1963 hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Ndiyo maana hata wakati huo mrushaji alipewa 15 tu. Kwenye mipira 100 imebaki mazoea. Mrushaji wa kasi hawezi kurusha 50 kwa nguvu zote. Ataanza kupungua kwenye 30 na kila mtu ataona, na huo mwili unaochoka mbele ya macho yako ni tamthilia ambayo mitindo mifupi haijawahi kuwa nayo. Wa polepole ataendelea. Wapigaji watalazimika kuamua: tumvumilie huyu mzee tumpige mwenzake wa upande wa pili, au tumvamie sasa hivi? Timu yenye mtu mmoja tu itakuwa na nusu ya mechi mkononi mwake.

Nusu ya 100 ni 50. Ndiyo mipira aliyorusha Karim.